Daftari la Wadudu

Skrini ya simu yangu ilikuwa kijani tupu wakati mdogo wangu aliponipigia kuniuliza kama Baba yuko na mimi.

"Baba awe na mimi masjala, aje kupanga mafaili?" nilimjibu. "Si yuko na wewe?"

Mdogo wangu ni fundi umeme, na fundi akianza kujitetea ujue kuna waya umeungua mahali.

"Nilitoka mara moja tu, Karani," alisema. Karani ndilo jina analoniitia tangu nilipoajiriwa, na mimi namwita Fundi. "Dakika kumi. Jirani alikuwa na soketi inatoa cheche. Nimerudi, kitanda kitupu."

Niliangalia tena simu. Mlango wa mbele: salama. Mlango wa nyuma: salama. Programu hiyo niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa miezi kumi na moja, na Jumamosi zangu zote zimeishia humo. Ilikuwa inaniambia kwamba Baba yuko ndani. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, na dada yetu mkubwa alikuwa tayari ndani ya basi, anafika saa kumi na moja.

Niliaga kazini kwa kusema naumwa tumbo.

Baba ana ugonjwa wa kusahau. Mara ya kwanza alipopotea tulimkuta sokoni, amekaa kwenye gunia la vitunguu la mtu, anasubiri mkutano. Mara ya pili aliletwa na polisi. Siku hiyo Dada Mkubwa, ambaye ni muuguzi na anakaa mbali, mwendo wa basi wa kutwa nzima, alitamka kwenye simu maneno ambayo sijayasahau: "Akipotea mara ya tatu namchukua, na sitaki mjadala." Nikamwambia nitatengeneza mtambo wa kumlinda. Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniandikia programu, maana mimi nikichekwa silali.

Lakini nisijisingizie hasira peke yake. Nilimtaka Baba nyumbani. Nilitaka kumsikia akikohoa bafuni asubuhi, na aniite "Mama" hata siku ambazo hakumbuki kwa nini ananiita hivyo.

Mtambo wenyewe haukuwa na makuu. Fundi alifunga kihisi chenye sumaku kwenye kila mlango. Mlango ukifunguka bila mmoja wetu kubonyeza namba ya siri, kengele inalia ndani na simu yangu inapiga kelele. Kompyuta iliyokuwa ikiendesha yote hayo ni mkweche niliouokoa ofisini siku walipokuwa wanatupa. Na jikoni, kwenye msumari karibu na jokofu, lilining'inia daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: WADUDU. Mdudu, kwa watu wa kompyuta, ni kosa ndani ya programu. Jirani yetu mshonaji aliliona akaniletea dawa ya mende.

Kila kosa na kila kazi iliyobaki viliingia humo: namba, tatizo, nani, hali. Hali ni moja kati ya mbili, "bado" au "imefungwa". Sheria ya kwanza: kisichoandikwa hakipo. Sheria ya pili: kwenye "nani" huandiki "sisi", kwa sababu sisi si mtu. Fundi alilalamika kwamba namletea umasjala mpaka jikoni, lakini aliandika. Tulifika namba hamsini na saba tukiwa tunajiona tuna serikali yetu.

Nilipoingia nyumbani alikuwa amesimama katikati ya jikoni na funguo za pikipiki mkononi.

"Nimezunguka mtaa mzima," alisema. "Sokoni hayupo, kituo cha polisi hayupo."

"Katokaje?"

"Mlango wa nyuma."

"Haiwezekani. Mlango wa nyuma ni kijani."

"Utakuwaje kijani na kengele yake nimeifunga?"

"Ndiyo, ya namba arobaini na moja! Ilikuwa inalia ovyo upepo ukivuma, nawe Jumanne ukaandika imefungwa. Nikashukuru Mungu kwamba mdogo wangu kamaliza kazi."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeshika waya wenye umeme.

"Karani. Niliifunga. Niliizima. Ilikuwa inamtesa mzee, kila ikilia anashtuka anajifunika shuka. Nikaifunga mpaka nipate kihisi kingine. Nimekuandikia!"

"Umeandika imefungwa!"

"Si ndiyo hiyo?"

Miezi kumi na moja tulikuwa tunaandika neno moja katika safu moja, kila mtu na lake. Kwangu mimi imefungwa ni jambo lililokwisha, faili limerudi rafuni. Kwake yeye taa hufungwa, redio hufungwa, mita hufungwa. Kufunga ni kuweka kifaa ukutani na kufunga ni kukizima, inategemea umeshika bisibisi upande gani. Nilitamani nimzabe kibao. Mkono ulikwisha kuinuka. Nikakumbuka namba kumi na saba, ukashuka wenyewe.

Namba kumi na saba niliiandika mimi. "Kihisi kikizimwa, skrini inaendelea kuonyesha kijani. Irekebishwe." Nani: mimi. Hali: bado. Pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri ninaousifia: si haraka. Ilikuwa na miezi mitatu. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na mchana huo mimi niliutumia kubadilisha rangi ya vitufe ili Dada Mkubwa akija aone kitu cha kupendeza. Fundi alizima kengele moja kwa sababu alimhurumia Baba. Programu iliyonidanganya kwamba kengele ipo ilikuwa yangu.

"Tuangalie daftari," nilisema, nikageuka.

Msumari ulikuwa mtupu.

Tulitafuta juu ya jokofu, chini ya meza, kwenye takataka. Halafu Fundi akafungua begi lake la kazi kwa sababu nyingine, akaguna. "Spana kubwa ya mabomba haipo."

Hapo nikakaa chini. Baba alikuwa mkaguzi wa idara ya maji miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kutembea mitaa na daftari na spana, kutafuta panapovuja, kuandika, kufunga. Mwanangu, alikuwa akiniambia nikiwa mdogo, maji hayaombi ruhusa. Sasa alikuwa ameamka mchana, amekuta daftari kwenye msumari, lina namba, tatizo, nani, hali. Angelionaje zaidi ya hivyo? Lilikuwa la kwake. Alikuwa ameingia zamu.

Kila asubuhi mimi hupiga picha ukurasa wa yale ambayo bado, nipate kuyawaza wakati wa chai. Nilifungua picha ile kwenye simu, nikaisoma kwa macho yasiyo yangu. Ukubwa wa herufi, hapana. Namba ya siri, hapana. Ujumbe unachelewa, hapana. Namba ishirini na tatu nikaisoma mara mbili.

"Kumbukumbu inavuja taratibu. Tafuta chanzo."

Tunasema hivyo watu wa kompyuta: programu inakula nafasi ya mashine bila kuirudisha, siku kwa siku, mpaka mashine inachoka. Kumbukumbu inavuja. Chanzo, yaani sababu. Lakini mpe mkaguzi wa maji sentensi hiyo.

"Inavuja," nilimsomea Fundi. "Tafuta chanzo."

Uso ulimbadilika. "Chanzo cha zamani? Kule juu, nyuma ya kiwanda cha vigae?"

"Pale kuna bwawa."

"Pikipiki," alisema, na tulikuwa tumeshatoka.

Chanzo cha zamani kilikuwa kikileta maji mjini kabla bomba jipya halijajengwa. Baba alikuwa akitupeleka huko tukiwa wadogo, anatushika mikono wote wawili. Kuna bwawa la zege ambamo maji yalikuwa yakitulizwa kabla ya kushuka, na tangu walinzi waondolewe hakuna hata geti. Kina chake watu wazima wawili wamebebana. Baba alifanya kazi na maji miaka yote hiyo na hajui kuogelea.

Kwenye kona ya kiwanda tulisimama kwa mwosha magari. "Umemwona mzee mmoja, ana daftari?"

"Yule mkaguzi?" alisema, akapiga ulimi kwa hasira. "Kanikemea bomba langu linadondosha, kaniandika. Eti nisipotengeneza nitakatiwa maji. Ndugu yenu?"

"Baba yetu. Kaelekea wapi?"

Alionyesha kilimani. Nilisikia Fundi akinong'ona jambo, nadhani alikuwa anasali, na pikipiki ikakata kona kwa namna ambayo siku nyingine ningemtukana.

Tulimwona kabla hatujashuka. Alikuwa juu ya ukuta wa bwawa, ukuta wenye upana wa tofali moja, ameinama kwenye gurudumu la koki kubwa, spana ameitia, anavuta. Mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Nyuma yake, chini, maji meusi yaliyotulia. Kila alipovuta spana, kisigino kisicho na kiatu kilitoka nje ya ukuta kikarudi.

Fundi alifungua mdomo. Nikamfinya. Mtu wa kusahau ukimwita ghafla hugeuka ghafla.

Nikavaa sauti ya ofisini. "Mkaguzi! Masjala hapa. Tunaomba daftari la zamu, linatakiwa kusainiwa."

Hakugeuka. "Masjala ngojeni. Kila siku haraka, na bomba linapinda wapi hamjui."

"Bosi amesimama hapa, Mkaguzi."

"Asimame."

Nilisogea hatua moja, Fundi akazunguka kwa upande wa pili, akinyata. Spana iliteleza. Baba aliyumba, akadaka gurudumu, akalilaani. Nilikuwa na neno moja tu ambalo nilijua lingemfanya mtu huyu aache kazi yake, na nikalisema.

"Kuna kosa kwenye namba ishirini na tatu."

Akaacha kuvuta. "Kosa?"

"Hukuweka tarehe."

"Mimi?" Aligeuka taratibu, ameudhika kabisa. Daftari lilikuwa kwapani. "Mimi sijaweka tarehe? Miaka yote hii? Hebu."

Akaja ubavu ubavu juu ya ukuta, hatua, hatua, akanyoosha mkono wenye daftari. Sikushika daftari. Nilishika kifundo cha mkono, nikakivuta kwangu kwa nguvu zangu zote, na Fundi akamdaka kiunoni kwa nyuma. Tulianguka watatu kwenye nyasi. Baba alikuwa akifoka kwamba masjala hawana adabu. Mimi nilikuwa nimemkumbatia na nalia kwa sauti, sijali nani anasikia.

Tulifika nyumbani saa kumi kasorobo. Tulimwogesha, tukamvalisha shati safi, tukamkalisha kwenye kiti chake. Ilikuwa imebaki kama saa moja. Fundi alifuta tope sakafuni, halafu akasema bila kuniangalia:

"Dada Mkubwa si lazima ajue."

Nilikunja taulo la Baba.

"Amerudi, hana hata mkwaruzo. Kihisi nakiwasha sasa hivi. Wewe kesho unarekebisha hiyo kumi na saba. Tumejifunza, Karani. Ukimwambia, kesho asubuhi anaondoka naye, na wewe unajua."

Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kuwaza hayo hayo njiani, tena kwa ufasaha kuliko yeye. Ukurasa wenye kumi na saba unachanika kwa sekunde moja. Nilifungua daftari niuangalie, na hapo ndipo nikaona kwamba kwenye namba ishirini na tatu Baba alikuwa ameandika. Mwandiko wake wa zamani, ulioegemea kulia, haukutetemeka hata kidogo. Na tarehe aliweka. Siku siyo, mwaka ulikuwa wa ujana wake, lakini aliweka.

"Chanzo nimekiona. Koki imeliwa na kutu, haifungiki. Iangaliwe kila siku."

Nilisoma mpaka herufi zikachanganyika. Halafu nikachukua kalamu nikaandika chini kabisa, namba hamsini na nane: "Baba ametoka mlango wa nyuma mchana. Tumemkuta juu ya ukuta wa bwawa la chanzo. Sababu: namba 41 na namba 17." Kwenye "nani" niliacha wazi.

"Umeshaandika," Fundi alisema.

"Kisichoandikwa hakipo."

"Wewe na sheria zako," alisema, na akatoka nje kukaa kwenye ngazi.

Dada Mkubwa aliingia na begi moja na macho ya muuguzi: akamtazama Baba usoni, mikononi, miguuni. Miguuni akakaa muda. "Huyu kucha imevunjika." Kabla hajauliza nikampa daftari. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha skrini, vitufe vya bluu, kila kitu. Nilimpa daftari tu.

Alilisoma mezani, kwa kidole, kuanzia ukurasa wa kwanza, na hakuruka. Fundi alirudi akaegemea mlango. Baba alisinzia.

"Kumi na saba ni ya nani?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

Akaendelea. Kwenye ishirini na tatu kidole kilisimama. "Huu mwandiko wa Baba," alisema, na sauti haikuwa ile ya kwenye simu. Akasoma kwa kunong'ona. Halafu akaenda mpaka hamsini na nane, akaisoma, akafumba macho. Nilisubiri ngurumo. Haikuja. Akarudi ishirini na tatu.

"Iangaliwe kila siku," alisema. "Sawa. Na nani?"

Fundi alisogea, akachukua kalamu, akaandika kwenye safu: sisi.

Nililitazama neno hilo. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni. Fundi simu ikilia anatoka, ndiyo kazi yake. Mtu aliyekuwa anamwangalia Baba kutwa nzima katika nyumba hii alikuwa sumaku mbili na mkweche. Nilikuwa nimejenga mtambo mzuri kwa ajili ya kiti cha mlinzi ambacho hakuna aliyekikalia. Na Dada Mkubwa alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Alituambia, tukampongeza, na nikajifanya sikusikia maana yake.

Nikachukua kalamu mkononi mwa Fundi. Nikakata "sisi" kwa mstari mmoja, kama nilivyozoea. Nikaandika: Dada Mkubwa.

Fundi alitoka nje tena, safari hii akaubamiza mlango. Mimi sikuweza kuinua kichwa. Dada Mkubwa alinifunika mkono kwa mkono wake, na alikuwa na haki ya kusema "niliwaambia", na hakusema.

"Hili daftari naondoka nalo," alisema. "Sijui anaamka saa ngapi. Sijui kelele gani zinamtisha. Humu mmeandika."

"Uandike na wewe."

"Nitaandika. Nitakupigia unifundishe."

Kwenye kiti Baba alifumbua macho. Aliangalia meza, daftari, mimi. Aliponitazama nilijua kwamba kwa dakika hiyo alikuwapo.

"Mama," aliniita. "Ile koki. Imefungwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno jepesi, na kila mtu humo ndani angelisikia analotaka.

"Bado, Baba," nilisema. "Lakini imepata mtu wa kuiangalia."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mkaguzi anayekabidhi zamu. Nikapiga magoti nimsafishe ile kucha iliyovunjika.